Mvua ya Milimani na Safari ya Baiskeli: Kawia Ufike



Njia iliyo mbele yenu inaanzia Musanze, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Inapanda milima ya Nyabihu kupita mita 2,000, kisha inateremka hadi Rubavu, ufukoni mwa Ziwa Kivu, takriban mita 1,460. Kutoka hapo inafuata kandokando ya ziwa hadi Karongi, kwa miinuko na miteremko mingi. Nasi tumo katika masika, kati ya Machi na Mei. Wenyeji wanaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023: mto Sebeya ulifurika, vilima vikaporomoka, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha, hasa katika Majimbo ya Magharibi na Kaskazini.

Kwa hiyo tunawaomba mlishike neno moja: kusimama kwa wakati ni sehemu ya safari. Tarehe 2 Machi 2025, hatua ya mwisho ya mashindano ya Tour du Rwanda, mjini Kigali, ilikatizwa kwa sababu ya mvua kubwa. Waliokuwa wakishindana ni wanamichezo wa kulipwa, wenye magari ya msaada nyuma yao na barabara iliyofungwa kwa ajili yao. Ikiwa hao walisimama, hakuna aibu kwa yeyote kati yenu kusimama.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko. Rimu ikilowa, breki huchelewa kushika, kwa kuwa mpira wake hauna budi kuyafuta maji kwanza. Punguzeni mwendo kabla ya kona, kwa kugusa breki zote mbili taratibu. Anayezibana ghafla katikati ya kona huteleza. Epukeni mistari iliyopakwa rangi, majani na matope yaliyoletwa na mvua. Kila mmoja amwachie mwenzake wa mbele nafasi kubwa kuliko ya siku kavu.

Maji yakipita juu ya barabara kwa kasi, msijaribu kuvuka, hata kama mwenyeji wenu alivuka jana. Mkiona mawe madogo yakidondoka au ufa mpya kwenye ukingo, rudini mlikotoka na muwaonye wanaokuja. Radi ikinguruma, ondokeni mlimani na mkae ndani ya nyumba. Msijikinge chini ya mti. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Baridi nayo huua kimyakimya. Mtu aliyetoka jasho akipanda, kisha akateremka akiwa amelowa, hupoteza joto haraka. Akianza kutetemeka, kusema ovyo au kushindwa kushika breki, safari yake ya siku hiyo imekwisha. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi, na ikiwa ana fahamu kamili mpeni chai ya moto yenye sukari.

Ndugu mliopitia Cyanika, kwenu Uganda watu hupita kushoto. Hapa, kama ilivyo Kongo, tunapita kulia. Mtu aliyechoka hurudia mazoea yake, hasa anapoanza tena baada ya kupumzika. Kumbushaneni.

Kwa ndugu zetu wanaobeba viazi na ndizi kwa baiskeli, tunajua kwamba kwenu huu si mchezo. Ni chakula cha watoto, na kila saa ya kuchelewa sokoni ina gharama yake. Hata hivyo, tunakataza kushika malori wakati wa kupanda, na siku ya mvua tunakataza kwa mkazo zaidi: dereva hawaoni vizuri, na lori likiteleza hamna pa kukimbilia. Viazi vilivyochelewa vitapata mnunuzi, lakini baba aliyepotea hana badala.

Wazazi, wazuieni watoto kukimbia barabarani kushangilia. Wasimame upande wa ndani wa kona, mbali na lami. Wafugaji, fungeni mifugo siku hiyo. Mwenye baraza au duka na amfungulie aliyelowa, bila kuuliza ametoka upande gani wa mpaka. Mvua haiulizi pasipoti.

Pakitokea ajali au maporomoko, pigeni simu polisi kwa namba 112. Kwa gari la wagonjwa, pigeni 912. Semeni mlipo kwa kutaja kijiji, daraja au shule iliyo karibu, na msimwinue majeruhi wa shingo au mgongo, isipokuwa kama mahali alipo panamhatarisha zaidi.

Wahenga walisema: kawia ufike. Tunawatakia nyote safari njema, na tutakuwa barabarani pamoja nanyi.