Aliyekiri Kosa na Rufaa ya Adhabu

Fungueni madaftari yenu.

Somo la leo lahusu mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu, kisha akaona adhabu aliyopewa ni kali mno. Wengi husema, "Alikubali mwenyewe, basi yamekwisha." Neno hilo si kweli yote, nalo laweza kumpotezea mtu miaka ya maisha yake.

Tuchukue mfano. Mtu ameshitakiwa katika Mahakama ya Wilaya ya Masasi kwa wizi wa magunia mawili ya korosho. Asomewa shitaka, ajibu, "Ni kweli, niliiba." Hakimu amfunga miaka mitatu. Ni kosa lake la kwanza, na korosho zote zimerudi kwa mwenyewe. Je, aweza kukata rufaa?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yasema hivi: aliyekiri hawezi kupinga kutiwa hatiani, lakini aweza kukata rufaa juu ya adhabu, kwamba imezidi au si halali.

Lakini kukiri kuwe kukiri kweli. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu wake. Shitaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa. Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha habari za kosa zielezwe, naye aulizwe kama ni kweli. Mtu akisema, "Nilichukua, lakini nilidhani ni zangu," huyo hajakiri. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ilionyesha kwamba mtu ambaye jibu lake halikuwa wazi, au aliyekiri kwa kutoelewa, aweza kupinga hata hatia yenyewe.

Sasa turudi kwenye adhabu. Haitoshi kusema, "Miaka ni mingi, nionee huruma." Tangu zamani, na hukumu ya mwaka 1948 ni mfano, mahakama ya rufaa haibadili adhabu kwa kuwa tu yenyewe ingalitoa ndogo zaidi. Hutazama kama hakimu alikosea kanuni, au aliacha kufikiri jambo kubwa, au kama adhabu imezidi mno waziwazi. Basi mtu wetu aandike: nilikiri mara moja, sikuisumbua mahakama, ni kosa langu la kwanza, mali imerudi, nilikaa mahabusu siku kadha wa kadha. Kama hakimu hakuyapima hayo, hapo ndipo penye hoja.

Shikeni sana hesabu ya siku:

1. Ndani ya siku 10 tangu adhabu, atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa.
2. Ndani ya siku 45, apeleke hati ya rufaa yenye sababu zake. Siku za kungojea nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi.
3. Aliye gerezani ampe mkuu wa gereza hati yake, naye ataipeleka.

Rufaa hii huenda Mahakama Kuu, nayo iko Mtwara. Siku zikipita, aweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima aonyeshe sababu ya maana. Kama kesi ilikuwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Yako maonyo matatu. Kwanza, kukata rufaa peke yake hakusimamishi kifungo. Pili, Mahakama Kuu yaweza kupunguza adhabu, na yaweza pia kuiongeza. Tatu, yako makosa ambayo sheria imeyawekea adhabu ya chini kabisa, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30. Hapo hakimu hawezi kushuka.

Ndugu zangu, mfungwa hana kalenda mkononi kama ninyi mlio nyumbani. Jamaa yako akifungwa, andika siku ile ile tarehe ya hukumu, namba ya kesi na jina la mahakama. Kujua kuandika ndiko kutakakomsaidia.

Maswali ya darasani

1. Aliyekiri aweza kukata rufaa juu ya jambo gani?
2. Hukumu ilitolewa tarehe 3. Taarifa ya kusudio itolewe kabla ya tarehe gani kupita?
3. Andika sababu mbili za kuomba adhabu ipunguzwe.