Mwache Mtoto Acheze Ngoma

Kama uko Kitale umejitanda shuka kwa baridi, au uko Bungoma unaanika mahindi juani, karibu tuzungumze. Leo hatutataja tembe wala sindano. Tunazungumza juu ya kucheza ngoma, yale mapenzi yanayoanza mtoto akiwa bado mgongoni, na kwa nini inafaa yadumu mpaka uzeeni.

Mtazame mtoto wa miezi sita redio inapofunguliwa. Hata kuketi bado anayumba, lakini miguu inarushwa na mabega yanatikisika. Nani alimfundisha? Mwaka wa 2010, watafiti Marcel Zentner na Tuomas Eerola walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 120, wa kati ya miezi 5 na 24. Watoto hao walijitikisa zaidi waliposikia muziki kuliko waliposikia mtu akizungumza. Tena, kadiri mwendo wao ulivyopatana na mdundo, ndivyo walivyotabasamu zaidi. Kwa hivyo mama, mtoto akijitikisa hajaiga tabia mbaya kwa jirani.

Mpakate, mshike vizuri, yumba naye polepole. Lakini tafadhali, usimtikise kwa nguvu wala usimrushe juu. Shingo ya mtoto mchanga ni laini na kichwa chake ni kizito. Mtikiso mkali unaweza kufanya damu ivuje ndani ya ubongo.

Akifika umri wa mwaka 1 hadi 4, anahitaji kuchezacheza na kutembea kwa angalau dakika 180 kwa siku. Huo ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Usiogope hesabu, maana si lazima ziwe za mfululizo. Kukimbiza kuku, kukufuata mtoni na kucheza ngoma jikoni wewe ukisonga ugali, zote zinahesabiwa. Kinachompunja ni kufungwa mgongoni kutwa nzima, au kuwekewa simu mkononi ili anyamaze. Kuanzia miaka 5 hadi 17, shirika hilo linataka wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo wa kumfanya aheme.

Nasi huku hatuna haja ya kutafuta mbali. Wabukusu wana kamabeka, ngoma ambayo jina lake lenyewe ni mabega. Anayedhani kwamba ni mabega pekee yanayofanya kazi, na ajaribu litungu likipigwa kwa dakika kumi tu. Magoti yanakunjwa, kiuno kinafanya kazi, pumzi inakwenda mbio na jasho linatiririka. Hayo ndiyo mazoezi ambayo watu wa mjini hulipia pesa. Majirani zetu wa Kakamega, Waisukha na Waidakho, wana isukuti, ambayo mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Sasa tufike penye uzito. Mvulana wa miaka kumi na miwili akicheza, watu humpigia makofi. Dada yake wa umri huo huo akicheza, anaambiwa aketi kwa adabu, yeye sasa ni msichana mkubwa. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146 zilionyesha kwamba wasichana 85 kati ya 100, wa miaka 11 hadi 17, hawakufikisha zile dakika 60. Wavulana walikuwa 78, nao pia si wa kujivunia.

Hofu ya mama inaeleweka. Sote tunajua disko matanga, jinsi binti anavyoaga kwamba anakwenda kuomboleza, kisha miezi michache baadaye nyumba inapata habari nyingine. Mkataze usiku huo bila kigugumizi. Lakini usimkataze ngoma. Umri huo ndio mifupa inajengeka kwa kasi, na kuruka na kukanyaga chini kwa kishindo huifanya iwe imara. Mfupa ambao haukujengeka vizuri wakati wa kubalehe ni vigumu kuufidia ukubwani. Mruhusu ajiunge na kikundi cha shule kinachojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, au na kwaya, au acheze uani nyumbani mchana kweupe ukimwona. Na akiwa katika hedhi anaweza kucheza pia. Anachohitaji ni sodo na maji ya kuoga, wala si kufungiwa ndani.

Na wewe mama, uliacha lini? Wengi huacha wakiolewa, halafu presha na kisukari vinabisha hodi. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mjamzito mwenye afya njema pia anaweza kucheza kwa kiasi, ila akitokwa na damu, akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja aende kliniki. Nyanya naye asiachwe kitini. Mwaka wa 2003, uchunguzi juu ya wazee 469 wa New York waliopita miaka 75 ulionyesha kwamba waliozoea kucheza densi hawakupatwa sana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huenda pia wenye akili timamu ndio wanaoendelea kucheza, lakini kwa vyovyote vile, magoti na mizani ya mwili vinafaidika.

Muziki usiwe wa kupasua masikio. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, upunguze, na mtoto asisimame mbele ya spika.

Kuna mtoto mmoja wa kuangaliwa zaidi. Huku Magharibi tuna watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu. Mtoto huyo asinyimwe ngoma. Anywe maji kabla ya kucheza na baada yake, apumzike kila anapochoka, na jasho likikauka avikwe sweta, hasa jioni za Kitale. Akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, au akiishiwa na pumzi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.