Bandeji Ikiondolewa, Safari Haijaisha

(Hotuba kwa kamati za sharika za Musoma, Bunda na Butiama)



Kwa miaka mingi tulihesabu ushindi siku bandeji inapoondolewa. Mgonjwa anaona, kwaya inaimba, picha inapigwa, nasi tunafunga faili. Leo tunakiri mbele yenu kwamba tulilifunga mapema mno.

Aliyetufundisha ni bibi mmoja wa Butiama, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia. Wiki mbili baadaye tulimtembelea tukitarajia furaha. Tulimkuta amejifungia ndani. Jua linamchoma, alisema, na kitenge chake kimebadilika rangi. Aliposhuka kizingiti aliona ardhi iko karibu, kumbe iko chini zaidi, akaanguka. Kuchambua ulezi hawezi. Alituuliza kama tumempa jicho la mtu mwingine. Jirani yake, ambaye naye haoni, alipoyasikia hayo alikataa kwenda hospitali.

Bibi hakukosea. Mtoto wa jicho huifanya lenzi ya jicho kuwa ya manjano au kahawia, na mtu huizoea hali hiyo kidogo kidogo kwa miaka. Ikiwekwa lenzi bandia iliyo safi, bluu hung'aa na mwanga huingia kwa wingi ghafla. Hata mchoraji maarufu wa Ufaransa, Claude Monet, aliyepasuliwa mwaka 1923, alilalamikia rangi alizoziona. Tena lenzi bandia ya kawaida huchaguliwa mara nyingi kwa kuonea mbali, hivyo kusoma au kutunga uzi kwenye sindano huhitaji miwani. Na jicho moja likiwa safi huku jingine lina ukungu, kupima umbali ni kazi ngumu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo manne. Kwanza, mgonjwa na familia yake waelezwe haya kabla ya upasuaji, si baada ya kuanguka. Pili, achaguliwe mtu wa kumtembelea katika wiki za mwanzo: kumkumbusha dawa ya matone, kumzuia asisugue jicho, kumtafutia kofia pana. Akiona maumivu, wekundu unaozidi au uoni unaopungua, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Tatu, jicho likishapona apimwe miwani. Nne, bajeti ihesabu pia miwani, nauli ya kurudi kliniki, na jicho la pili linapohitaji upasuaji. Ndugu wafadhili, haya hayapendezi kwenye picha, lakini bila hayo fedha yenu inaishia njiani.

Katika Injili ya Marko sura ya 8, kipofu wa Bethsaida hakuona sawasawa mara ya kwanza. Yesu hakumkemea kwa kukosa shukrani. Alimwuliza anaona nini, akasikiliza, akamwekea mikono mara ya pili.

Nasi tulirudi Butiama. Kizingiti kilipakwa chokaa, miwani ikapatikana, na sasa bibi anachambua ulezi wake uani. Jirani yake ametuma ujumbe: yuko tayari kwenda hospitali, ila anataka kujua kwanza nani atamtembelea akirudi.

Ndugu wajumbe, tumjibu nini?