Kupanga Likizo kwa Simu: Kipi cha Kuuliza AI na Kipi cha Kutafuta Google

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya akiba kabla ya likizo ya Desemba)



Kila mwaka mwezi wa Desemba, familia nyingi za Nakuru huvunja kibubu ili kwenda Pwani. Ni pesa zilizowekwa kidogo kidogo tangu Januari, na zikipotea njiani hakuna wa kuzirudisha. Zamani ushauri ulitoka kwa jirani aliyewahi kufika Mombasa. Siku hizi unatoka kwenye simu, na simu yenyewe ina washauri wawili wasiofanana: mtambo wa kutafuta habari kama Google, na msaidizi wa akili unde, ile ambayo wengi huiita AI. Anayemuuliza mmoja swali la mwenzake huumia mfukoni.

Google huleta orodha ya kurasa zilizoandikwa na watu wengine. Kazi ya kufungua, kusoma na kuamua ni ya mwenye simu. Faida yake ni kwamba anaona nani ameandika, na mara nyingi ameandika lini. Hasara ni kwamba kurasa za juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na kuwa juu si ushahidi wa uaminifu.

Msaidizi wa AI, kama vile ChatGPT iliyozinduliwa Novemba 2022, hufanya kazi tofauti. Amefundishwa kwa maandishi mengi mno, kisha akiulizwa hutunga jibu neno baada ya neno kwa kufuata yale aliyojifunza. Mafunzo hayo yana tarehe ya mwisho. Baadhi ya wasaidizi sasa hupekua intaneti kabla ya kujibu, lakini si kila mara. Tena, asipojua jambo anaweza kulibuni, na akalisema kwa lugha safi ileile anayosemea ukweli. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tazameni safari ya watu wazima wanne kutoka Nakuru hadi Diani. Msaidizi wa AI anaweza kuwaandikia mpango wa siku nne kwa dakika moja: matatu hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha feri ya Likoni na gari hadi Diani. Mpango unasomeka vizuri, lakini ukaguliwe hatua kwa hatua.

Kwanza, nauli ya treni. Hadi mwisho wa 2023, tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilikuwa Sh1,000. Kuanzia Januari 2024 ilipanda hadi Sh1,500, na daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Jibu lililotokana na maandishi ya zamani litataja elfu moja. Kwa watu wanne kwenda na kurudi, pengo ni Sh4,000, yaani pesa za chakula.

Pili, stesheni. Treni ya SGR haiondokei katikati ya jiji la Nairobi bali Syokimau, na haifiki kisiwani Mombasa bali Miritini. Matatu ya Nakuru haifiki Syokimau, kwa hiyo kuna nauli mbili zaidi na muda wa foleni ambao mpango mfupi unaweza kuuruka. Anayechukua treni ya usiku atashuka Miritini kabla ya alfajiri, na ni lazima ajue mapema atakaa wapi hadi kupambazuke.

Tatu, feri. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamtoa msafiri upande wa Miritini hadi Kwale bila kupanda feri. Maandishi mengi ya zamani hayaijui. Hata Google bado ina makala za miaka hiyo, ndiyo maana tarehe ya ukurasa hutazamwa kabla ya maneno yake.

Je, AI itupwe? La hasha. Ina kazi yake, na inaifanya vizuri ikipewa swali kamili. Anayeuliza tu "Nataka likizo Mombasa" atapata jibu la mtalii yeyote. Lakini aulizaye hivi: "Watu wazima wanne, siku nne, Diani, Sh60,000 pamoja na nauli kutoka Nakuru, mmoja hawezi kupanda ngazi," atapata rasimu ya bajeti, mpangilio wa siku, na orodha ya maswali ya kumuuliza mwenye nyumba. Anaweza pia kuuliza kwa Kiswahili, akakosoa, akaomba ipunguzwe gharama. Orodha ya kurasa haizungumzi naye hivyo.

Kanuni ni nyepesi: mawazo na mpangilio, AI, bei, saa, sheria na malipo, mwenye huduma mwenyewe. Tiketi ya treni hukatwa kwenye tovuti ya Shirika la Reli la Kenya au kwa *639#. Viingilio vya mbuga za taifa hulipwa kupitia eCitizen. Hoteli na kampuni za utalii hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza leseni kabla ya kutuma malipo ya awali. Nambari ya simu au Paybill iliyotajwa na AI isitumiwe kamwe kabla ya kuthibitishwa na mwenyewe.

Hata kampuni kubwa zimenaswa. Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamuru shirika la ndege la Air Canada kumlipa abiria ambaye programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya shirika hilo ilimweleza vibaya kuhusu nafuu ya nauli ya msiba. Abiria huyo alikuwa amehifadhi picha ya mazungumzo hayo. Funzo: ahadi yoyote ya pesa iliyotolewa kwenye simu ihifadhiwe kwa maandishi.

La mwisho, siri. Msaidizi wa AI hahitaji nambari ya kitambulisho, nambari ya siri ya M-Pesa wala picha ya pasipoti ili kupanga safari. Asipewe.

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, familia ikae pamoja, iusome mpango kwa sauti, na kila penye bei, saa au nambari ya kulipia, mmoja apewe kazi ya kupiga simu na kuuliza. Nusu saa hiyo ni rahisi kuliko usiku mmoja wa kukwama Miritini na mizigo.