Rafiki Mmoja Dhidi ya Mkumbo



Binti akirudi likizo kutoka shule ya bweni akilalamika kwamba wenzake hawamtaki, jibu la wakubwa halichelewi: achana nao, wewe kuwa wewe. Ni nasaha ya mapenzi, wala hakuna wa kuipinga. Ina kasoro moja tu. Inamtwika mtoto wa miaka 13 mzigo ambao watu wazima wenyewe, walipopimwa, uliwaelemea.

Kipimo hicho kilibuniwa na Solomon Asch, mwanasaikolojia mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha Swarthmore College, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vijana wa kiume wa vyuo waliketi pamoja, wakaonyeshwa kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja, ya pili mistari mitatu. Kila mtu alitakiwa kutaja kwa sauti ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule wa pekee. Jibu lilikuwa wazi. Mtu akiulizwa peke yake ilikuwa nadra akosee. Lakini wote chumbani walikuwa wamepangwa, isipokuwa mmoja, naye zamu yake ilikuja mwishoni. Katika raundi 12 kati ya 18, wenzake walitaja mmoja baada ya mwingine, bila kupepesa macho, mstari uleule usio sahihi. Robo tatu hivi ya waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja. Karibu theluthi ya majibu yote ya raundi hizo yalikwenda na wengi.

Asch hakuishia hapo. Aliingiza mtu wa pili wa kusema kweli. Mmoja tu. Makosa yakaporomoka hadi robo hivi ya yalivyokuwa. Mtu huyo alipogeuka katikati na kujiunga na wengi, makosa yakapanda tena. Alipotoka chumbani kwa udhuru bila kumgeuka mwenzake, makosa yaliongezeka pia, lakini si kwa kiasi kile.

Hoja ya mhadhara huu imejengwa juu ya tokeo hilo: mtoto hujifunza kuwa yeye mwenyewe akiwa na walau mtu mmoja anayeona anachokiona yeye.

Mtoto anaweza kumpoteza mtu huyo kwa sababu kuna mambo mawili ambayo watoto, na mara nyingine wazazi wao, huyachanganya: kupendwa na kuwa na jina. Mwaka 1998 Jennifer Parkhurst na Andrea Hopmeyer walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakiingia ujanani. Waliulizwa wanampenda nani, kisha wakaulizwa nani ni maarufu shuleni. Majina hayakulingana. Waliopendwa walisifiwa kwa wema na uaminifu. Waliokuwa maarufu bila kupendwa sana walielezwa kuwa wababe na wenye majivuno.

Mwalimu yeyote wa zamu katika bweni la wasichana wa kidato cha kwanza analijua hilo bila kuambiwa. Sare ni moja, nywele zimekatwa fupi, vitanda vimefanana. Hata hivyo wiki chache hazipiti kabla ngazi hazijajipanga: tranka la nani lina maziwa ya unga na la nani lina kashata za nyumbani, nani alitoka shule ya binafsi na Kiingereza chake kinateleza, nani huitwa kukaa kitandani kwa fulani na nani huitwa pale ndoo zinapotakiwa kujazwa maji. Aliye juu ya ngazi hiyo huogopwa kuliko anavyopendwa. Anayepanda kumfuata huacha njiani rafiki aliyekuja naye kutoka shule ya msingi, kwa sababu rafiki huyo anamwaibisha.

Malipo ya safari hiyo yamepimwa. Joseph Allen na wenzake wa University of Virginia waliwafuatilia vijana 184 kuanzia umri wa miaka 13 hadi 23. Walioharakisha kuonekana wakubwa, kwa mapenzi ya mapema, utundu wa kuvunja sheria na kuchagua marafiki kwa sura, walitamba mwanzoni. Walipofikia utu uzima, taarifa ya mwaka 2014 inaeleza, ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya pombe, dawa za kulevya na uhalifu, na wenzao waliwaona kuwa hawamudu vyema mahusiano na watu. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo la watafiti, uliotolewa mwaka 2017, uliwafuatilia vijana 169. Waliokuwa na urafiki wa karibu walipokuwa na miaka 15 walijithamini zaidi walipofika 25, na wasiwasi wao mbele za watu ulipungua. Kwa waliokuwa wakigombewa na kundi zima, wasiwasi huo uliongezeka.

Siku hizi mkumbo una namba. Mwaka 2016 watafiti wa UCLA, wakiongozwa na Lauren Sherman, waliwaonyesha vijana 32 picha zilizofanana na za Instagram, huku idadi ya laiki ikiwa imepangwa na watafiti wenyewe. Vijana walielekea kuipenda picha iliyokwisha kupendwa na wengi. Picha zao wenyewe zilipoonekana kuwa na laiki nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na raha ya kupata kitu iliamka zaidi. Anayetafuta kiki mtandaoni yumo katika chumba cha Asch, na majirani zake ni mamia.

Mfano wa karibu na nyumbani ni wa mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya. Februari 2014, siku chache kabla ya kutwaa Oscar, alisimama katika hafla ya jarida la Essence akasimulia utoto wake. Alitaniwa kwa weusi wake. Akawa anamwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na akaweka ahadi: ataacha kuiba sukari usiku, atamsikiliza mama kwa kila neno, hatapoteza tena sweta la shule. Asubuhi kioo kilimwonyesha ngozi ileile. Mama yake alimwambia kwamba uzuri hauliwi, lakini maneno hayo hayakumwingia mara moja. Kilichomgeuza ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tititi mzaliwa wa Wau, akisifiwa na ulimwengu wa mitindo. Hapo alipata mtu wa pili chumbani. Katika hafla hiyohiyo alisoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua mkorogo, akaghairi baada ya kumwona yeye. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana mwenye rangi ya usiku.

Alek Wek hawezi kupelekwa kila shule. Jirani wa dawati anaweza kuwa huyo mtu wa pili, na njia ya kumpata ipo. Daktari wa akili Jacob Moreno, aliyechapisha kazi yake kuu mwaka 1934, aliwauliza wasichana wa shule ya marekebisho huko Hudson, New York, wangependa kuishi na nani, na majibu yakatumika kuwapangia nyumba. Njia hiyo haihitaji bajeti. Mwalimu wa darasa au matroni anagawa vipande vya karatasi, kila mwanafunzi anaandika majina mawili ya wale ambao angependa kukaa nao. Asiulizwe asiyempenda ni nani. Swali hilo huzaa fitina. Karatasi zikishasomwa zichanwe. Mtoto ambaye hakutajwa na yeyote apangiwe kitanda au dawati karibu na mmoja wa wale aliowataja yeye, bila kutangaziwa sababu.

Zipo shule zinazopanga upya mikondo kila mwaka kwa kufuata alama za mtihani. Kabla orodha mpya haijabandikwa ubaoni, mwalimu wa darasa aitwe ofisini na kuulizwa ni urafiki gani utakatwa, na kama kuna mtoto atakayebaki bila mtu, orodha irekebishwe.