GARRATT YA KWANZA NA GARRATT ILIYOCHORWA UPYA

(Mazungumzo yaliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi)



Juu ya meza mwaona injini mbili ndogo za gari la moshi. Zimetengenezwa na mafundi wetu wastaafu kwa bati, mbao na vipande vya bomba, ili zipite juu ya reli nyembamba tulizozitandika katika bustani nyuma ya ukumbi huu. Watoto wametuuliza kama ni vitu vya kuchezea. Tumewajibu kwamba mtu mzima naye aweza kuvitazama akajifunza jambo.

Kipimo cha zote mbili ni kimoja: inchi moja ya mfano ni futi mbili za injini yenyewe. Hii ndogo ni ile iliyoitwa K1, ya mwaka 1909. Hii kubwa ni ya aina ya 59, iliyofanya kazi hapa kwetu. Injini yenyewe ilikuwa na urefu wa futi 104, kwa hiyo mfano huu una inchi 52. Hazipiti juu ya njia moja, maana K1 ilikwenda juu ya reli zilizoachana futi mbili tu, na 59 ilikwenda juu ya reli za mita moja, ambazo kila mzee aliye hapa azijua.

Zote mbili ni Garratt. Jina hilo ni la Herbert William Garratt, Mwingereza aliyepata hataza ya mpango huu mwaka 1907. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha mji wa Manchester kikaushika mpango wake na kuujenga. Garratt mwenyewe alifariki mwaka 1913, asiione hata moja ikipanda kutoka Mombasa.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Injini ya kawaida ina boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi, huna budi kurefusha boila na kuongeza magurudumu, na ikiwa ndefu mno haitaki kupinda kwenye kona. Garratt aliikata injini sehemu tatu. Mbele aliweka magurudumu na tangi la maji. Nyuma akaweka magurudumu mengine pamoja na makaa au mafuta. Katikati akaning'iniza boila, kama mzigo uliochukuliwa na watu wawili kwa mti. Kila upande wageuka kwa nafasi yake, na injini yote yapita konani. Tena chini ya boila hapana magurudumu, basi tanuru laweza kuwa pana na la kina, na moto ukawaka vizuri.

Sasa, ndugu, itazameni K1 kwa karibu. Ilijengwa pamoja na mwenzake K2, zikapelekwa kisiwa cha Tasmania, huko Australia. Uzito wake ulikuwa tani 33. Tazameni silinda zake ziko wapi. Ziko upande wa ndani, zimeelekea boila. Aliyezichora alikuwa na sababu: alitaka bomba la mvuke liwe fupi. Juu ya karatasi ni fikira njema kabisa. Lakini silinda za nyuma, ambazo ndizo zilizopokea mvuke wa nguvu kwanza, zilikuwa chini ya kibanda cha dereva. Mbele yake dereva ana tanuru, na chini ya miguu yake ana silinda za moto. Fikirini mtu akipikwa pande mbili siku nzima.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji alikaa Manchester, na joto lilikuwa Tasmania.

Injini zilizofuata zilichorwa upya. Silinda zikahamishwa hadi ncha za nje, mbali na kibanda. Bomba likawa refu zaidi na injini haikuharibika kwa hilo. Igeuzeni 59 hii mwone: silinda ziko mbele kabisa na nyuma kabisa. Badiliko hili ni moja, lakini kwa mtu aliyesimama ndani ya kibanda ni kubwa kuliko yote.

Garratt zilifika Kenya mwaka 1926. Mwaka 1939 zikaja zile za EC3, ambazo baadaye ziliitwa aina ya 57. Zilikuwa na uzito wa tani 186 hivi, nazo zilipita juu ya reli nyepesi za ratili 50 kwa yadi, kwa sababu uzito huo uligawanywa juu ya magurudumu mengi. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa karibu ratili 46,000. Kisha, mwaka 1955 na 1956, zikaja 59, jumla yake 34. Kila moja ilikuwa na tani 252 na nguvu ya ratili 83,350. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo juu ya reli za mita moja duniani kote. Zilivuta tani 1,200 kutoka baharini hadi Nairobi, safari ya maili 330, na mahali pengi njia yapanda mlima. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zingali zinatunzwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Asiyeziona na aende akazione pamoja na watoto wake.

Twaweza kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini chama cha wafanyakazi hakihesabu tani peke yake. Yatupasa tuulize: kazi ya nani ilipungua uzito, na riziki ya nani ilipungua?

Tumtazame mchochea moto. Tanuru la 59 lilikuwa na eneo la futi 72 za mraba. Mtu mmoja na sepetu yake hawezi kulilisha makaa mlima mzima. Basi lilichorwa kuchoma mafuta, na mchochea moto akashika vali mahali pa sepetu. Mgongo wake ulipona, nasi twasema ni jambo jema. Lakini zamani injini za njia hii zilichoma kuni, na kuni zina mkataji, mchukuzi na mpangaji. Sepetu ilipotundikwa, hata wale waliokuwa nyuma yake waliondoka, na majina yao hayakuandikwa juu ya bamba lolote.

Tumtazame dereva. Injini moja yenye nguvu ya karibu mbili yavuta mzigo wa karibu treni mbili, na waliomo kibandani ni wale wale. Mzigo umezidi, na hatari imezidi pia. Je, mshahara nao ulizidi kwa kadiri hiyo? Hilo ni swali ambalo mashine haiwezi kulijibu. Hujibiwa mezani, baina ya chama na mwenye kazi.

Kisha dizeli zikaanza kushika njia kuu tangu mwaka 1960, na miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, 59 zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini. Dizeli haina tanuru wala mchochea moto. Mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya pana kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye injini nyingine, ishara nyingine na vipuri vingine. Kila mara ufundi wa watu huanza upya kutoka chini, kana kwamba jana hapakuwa na fundi.

Ndugu, tusiwalaumu wachoraji wa mbali peke yao. Sisi wenyewe tulikosea katika mfano huu mdogo. 59 yetu ya kwanza ilikuwa ikitoka relini kila ilipofika kona ya mpera, kwa sababu nati ya egemeo tuliikaza mno. Tukamwita kijana mmoja anayejifunza kazi ailegeze. Akatuuliza, "Wazee, spana itapita wapi?" Tukatazamana. Nati tulikuwa tumeificha chini ya boila, na ili kuifikia ilimpasa afungue tangi na boila pia. Tulikuwa mafundi wanne wenye miaka mingi ya karakana, wala hapana aliyekumbuka mkono wa yule atakayetengeneza. Tuliichora upya, tukaacha tundu ubavuni. Sasa nati yalegezwa kwa dakika moja, na injini yapita konani bila taabu. Tundu hilo mwaliona hapa. Hatukulifunika, ili litukumbushe.

Kwa hiyo Kamati yaleta mambo matatu mbele ya tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, mashine mpya inapokusudiwa kuletwa katika kazi yetu, wale watakaoiendesha na wale watakaoitengeneza waulizwe kabla haijanunuliwa. Kuulizwa baadaye ni kuhamisha silinda wakati miguu imekwisha ungua.

Pili, mafunzo yaanze wakati mashine ya zamani ingali inafanya kazi, ili fundi wa zamani avuke pamoja na kazi yake, asibaki ng'ambo.

Tatu, mashine ikizidisha faida, sehemu ya faida hiyo iingie katika mapatano ya mshahara, na wale ambao kazi yao imefutwa watafutiwe nafasi nyingine kwanza.

Twajua wako watakaosema kwamba haya ni ya kuchelewesha maendeleo. Twawajibu kwa injini hizi mbili. Silinda zilihamishwa, na Garratt haikurudi nyuma: kutoka tani 33 ilifika tani 252. Kumjali mtu aliye kibandani hakukuizuia kukua.

K1 yenyewe ilirudishwa Uingereza mwaka 1947, ikatengenezwa upya, nayo imevuta abiria huko Wales. Chuma chapewa nafasi ya pili. Mtu naye apewe.

Ndugu Mwenyekiti, tumekwisha. Mwenye swali na aulize. Baadaye tutoke wote bustanini kabla jua halijazama, na yule kijana wa spana ndiye atakayeendesha.