BOMBA JIPYA LA HEWA: TULIPIME KABLA YA KULISIFU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, mafundi wa gereji na madereva. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi katika gereji zetu. Jambo lenyewe ni yale mabomba ya kuvutia hewa ambayo watu hununua madukani na kuyafunga katika motokaa mahali pa bomba na chujio la kiwandani. Muuzaji husema ya kwamba bomba hilo litaongeza nguvu za farasi 10, au 15, au 20. Mwenye gari hulipa. Fundi hufunga. Baada ya juma moja mwenye gari hurudi na kusema, "Fundi, sioni nguvu. Umefunga vibaya." Hapo tajiri wa gereji hamwulizi muuzaji neno lo lote. Humtazama fundi, na wako mafundi ambao saa za kazi ile zimekatwa katika mshahara wao.

Basi swali langu leo ni moja. Twajuaje kama bomba limeongeza nguvu ama halikuongeza? Swali hili lina jibu, tena jibu la hesabu. Fundi anayeijua hesabu hiyo ana ngao ya kulinda jina lake na ujira wake.

HEWA NA PETROLI

Injini haiendi kwa petroli peke yake. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa yataka kilo 14.7 hivi za hewa. Lita 1 ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hivyo yataka kama kilo 11 za hewa, na hewa hiyo huko pwani hujaza nafasi ya lita 9,000 hivi. Ndiyo maana bomba la hewa ni kitu cha maana. Likibana, injini hukosa pumzi. Mpaka hapa muuzaji asema kweli.

Lakini yako mambo matatu ambayo hayasemi.

La kwanza, katika injini isiyo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa, bomba laweza tu kuondoa kizuizi. Urefu wake waweza kusaidia kidogo katika mwendo fulani wa injini, lakini haliwezi kuumba hewa. Kama bomba la kiwandani lilikuwa likizuia kidogo tu, basi faida nayo itakuwa kidogo tu.

La pili ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ikipanda kutoka digrii 30 hadi digrii 40 za Selsiasi hupungua uzito kwa asilimia 3 hivi, na nguvu ya injini hushuka kwa asilimia 2 hata 3. Sasa tazameni bomba la kiwandani limeanzia wapi. Katika magari mengi ya siku hizi mdomo wake uko mbele, karibu na taa au juu ya rejeta, unakovuta hewa baridi ya nje. Bomba fupi la dukani mara nyingi huacha chujio wazi ndani ya boneti, linywe hewa iliyopita katika rejeta. Mwenye gari ametoa fedha zake akanunua joto.

La tatu ni kelele. Kiwandani huweka kisanduku katika bomba ili kupunguza mvumo. Ukikitoa, injini hunguruma, na dereva huhisi ya kwamba gari limepata nguvu. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sikio si kipimo.

KIWANJA CHA ROBO MAILI

Kipimo kizuri kimojawapo chapatikana katika viwanja vya mbio za mstari mnyoofu, ambavyo vimeenea sana Marekani. Chama cha National Hot Rod Association, kilichoanzishwa na Wally Parks huko California mwaka 1951, kilitaka vijana watoke barabarani wakashindane mahali penye kanuni na ulinzi. Njia yao ya desturi ni robo maili, yaani mita 402. Mwisho wa mbio kila dereva hupewa kikaratasi chenye hesabu zake. Mwenye kutaka kupima bomba anunue kikaratasi hicho, si ushindi.

Juu ya kikaratasi mna hesabu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni muda wa futi 60 za mwanzo, ambao waonyesha jinsi gari lilivyoondoka. Ya pili ni muda wa njia nzima. Muda huo hauanzi taa ya kijani inapowaka, huanza gari linapoacha mwali wa taa wa mwanzo, kwa hivyo usingizi wa dereva hauuharibu. Ya tatu ni mwendo wa mwishoni, unaopimwa katika futi 66 za mwisho.

Anayepima nguvu aiangalie zaidi hesabu ya tatu. Muda wa njia nzima huharibika upesi: tairi zikiteleza, klachi ikiachwa vibaya, gari likisimama mbele kidogo au nyuma kidogo ya mwali, muda hubadilika. Mwendo wa mwishoni hauharibiki sana kwa makosa ya kuondoka. Kikaratasi kikionyesha muda bora lakini mwendo ule ule, dereva ndiye aliyeboreka, wala si injini.

HESABU YA AHADI

Mafundi wa mbio wana kanuni inayofungamanisha mwendo wa mwishoni na nguvu kwa uzito wa gari. Kwa faida ndogo twaweza kuisema hivi: nguvu ikiongezeka kwa asilimia 3, mwendo huongezeka kwa asilimia 1, na muda hupungua kwa asilimia 1.

Tuchukue mfano wa gari la farasi 150, ambalo pamoja na dereva lina kilo 1,500. Kwa kanuni hiyo litamaliza kwa sekunde 16.3 hivi, na mwendo wa maili 83 kwa saa. Kama bomba kweli limeongeza farasi 20, basi mwendo lazima upande kwa maili 3 na nusu hivi, na muda upungue kwa zaidi ya nusu sekunde. Faida kubwa namna hiyo haiwezi kujificha. Isipoonekana juu ya kikaratasi, haipo.

Lakini kama bomba limeongeza farasi 5 tu, mwendo utapanda kwa karibu maili 1, na muda utapungua kwa sehemu 15 au 18 za mia za sekunde. Hapa ndipo udanganyifu hupata nafasi. Gari lile lile, bila kuguswa, likikimbizwa saa nane za mchana na tena saa moja ya jioni hewa ikiwa imepoa kwa digrii 10, laweza kupata farasi 3 hadi 5. Mtu akipima bomba la zamani mchana na bomba jipya jioni, amepima kuchwa kwa jua.

Uzito nao ni hivyo hivyo. Lita 40 za petroli zina uzito wa kilo 30, yaani asilimia 2 ya gari letu. Tangi likiisha katikati ya majaribio, au gurudumu la akiba likitolewa, gari litakwenda mbio zaidi, na sifa zote zitapewa bomba.

Jambo jingine ni mwinuko wa nchi, ambalo latuhusu sisi wa Nairobi. Karibu na Denver, katika jimbo la Colorado, palikuwa na kiwanja cha Bandimere kilichofunguliwa mwaka 1958 na kufungwa mwaka 2023. Kilikuwa juu karibu mita 1,770, yaani karibu sawa na Nairobi yetu. Magari yaliyokwenda vizuri pwani ya California yalichoka yalipofika huko. Mafundi hukisia ya kwamba injini isiyo na tabo hupoteza asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za kupanda. Ndiyo kusema, gari la farasi 150 huko Mombasa laweza kubaki na kama farasi 125 likifika Nairobi, na hakuna fundi aliyeziiba hizo 25. Kwa hivyo kikaratasi cha kiwanja cha pwani hakilinganishwi na cha kiwanja cha milimani.

NAMNA YA KUPIMA KWA HAKI

Mtu apime siku moja, kiwanja kimoja, dereva mmoja, gari moja. Upepo wa tairi uwe ule ule, petroli iwe kiasi kile kile. Boneti iachwe wazi na injini ipoe kwa dakika zile zile kabla ya kila mbio. Joto la hewa na uzito wake viandikwe kila mara. Asibadilishe kitu kingine cho chote. Akibadilisha bomba na plagi pamoja, hatajua ni kipi kilichofanya kazi.

Akimbize mara tatu kwa bomba la zamani. Afunge jipya, akimbize mara tatu. Kisha, ndugu zangu, na hapa ndipo wengi huachia njiani, alifunge tena lile la zamani na kukimbiza mara tatu nyingine. Kama bomba la zamani likirudishwa hesabu zinarudi kama za kwanza, basi faida ilikuwa ya bomba. Kama bado gari linakwenda mbio vile vile, faida ilikuwa ya hewa, ya njia, au ya dereva kuzoea.

Tena aangalie tofauti za bomba moja peke yake. Mbio tatu za bomba la zamani zikiachana kwa sehemu 15 za mia za sekunde, basi hana haki ya kusifu bomba jipya kwa sehemu 10.

Wala mtu asijaribu mambo haya katika barabara ya watu wote. Huko hakuna kikaratasi. Kuna watoto, waenda kwa miguu na wenye baiskeli.

KIPIMO CHA MPIRA NA MAJI

Mtasema, kiwanja kiko mbali na fedha hazipo. Iko njia ya gereji. Twaa mpira mwangaza, uukunje kama herufi U, tia maji yaliyotiwa rangi. Mwisho mmoja uunge katika bomba baada ya chujio, na wa pili uache wazi. Mpira uwe mrefu na uwe na chupa katikati, ili maji yasivutwe ndani ya injini, maana injini ikimeza maji huvunjika. Gari lipandishwe juu ya mashini ya kupimia nguvu, akseleta ikanyagwe mpaka mwisho, na msaidizi asome tofauti ya maji.

Kila sentimeta 10 za maji ni karibu asilimia 1 ya uzito wa hewa ya pwani. Kama mpira waonyesha sentimeta 15, basi bomba na chujio la kiwandani lazuia asilimia 1 na nusu tu. Mwenye gari akiahidiwa asilimia 13, mwonyeshe maji. Maji hayana mjomba.

VUMBI

Muuzaji hutangaza kiasi cha hewa kinachopita. Mulizeni pia kiasi cha vumbi kinachopita. Kuna kanuni ya kimataifa ya kupima machujio, ISO 5011, ambayo hupima yote mawili. Kwa gari la kwenda Kajiado au Marsabit, chujio linalopitisha hewa zaidi na mchanga zaidi ni adui wa pistoni. Machujio mengine ya kufuliwa hupakwa mafuta, nayo yakizidi yaweza kufika kwenye waya wa kipima hewa na kuidanganya kompyuta ya injini. Na bomba refu linaloshuka chini nyuma ya bampa laweza kunywa dimbwi wakati wa masika.

Kabla ya kununua kipya, tazama cha zamani. Wataalamu wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipima jambo hili mwaka 2009. Waliona ya kwamba katika magari ya kompyuta chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa petroli kwa kiasi cha kuhesabika, lakini liliyafanya magari yachelewe kuchanganya mwendo. Basi pengine nguvu anayoitafuta mwenye gari iko katika chujio safi la kawaida.

MAMBO MATATU

Nafunga kwa mambo matatu ambayo naomba tawi letu liyakubali.

Moja, fundi asiahidi farasi. Aahidi kufunga sawasawa, bila kuvuja, na aandike hivyo katika karatasi ya kazi.

Pili, kabla ya kufunga, hali ya chujio la zamani na hesabu za mpira wa maji ziandikwe, mwenye gari atie sahihi. Baada ya kufunga ziandikwe tena.

Tatu, tajiri akitaka kukata mshahara kwa sababu "gari halina nguvu," fundi asijibizane naye peke yake. Alete karatasi ya kazi kwa mjumbe wa chama, na chama kiulize: lilipimwa wapi, siku gani, mara ngapi, na je, bomba la zamani lilirudishwa? Asiyeweza kujibu hana mashtaka, ana kelele tu.

Ndugu zangu, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwenye fedha zake na anunue apendacho, lakini ujira wa fundi usilipie ahadi za muuzaji.